Niachie, Dada

Kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza nilichokuwa nakifundisha kwa mbwembwe kuliko vyote: release. Wanafunzi wa kidato cha pili wakikiona hukimbilia kamusi, wanarudi na "kuachia", wanafunga daftari na kuanza kuangalia dirishani. Mimi sikubali kirahisi hivyo. Nawaambia kuachia ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba kitu kilikuwa kimeshikwa, na aliyekishika alikuwa na uwezo wa kuendelea kukishika. Kama hukushika kitu, hukuachia kitu, umepita tu njia yako.

Basi nachukua chaki, naiinua mbele yao, nafungua vidole. Chaki inaanguka inavunjika. Halafu nachukua nyingine, naiweka mezani polepole. Nawauliza, na hii je? Hapo wanabishana. Napenda sana wanafunzi wakibishana, ila nikisema ubishi uwe kwa Kiingereza, darasa zima linakuwa kama kanisa Jumatatu.

Alhamisi moja ya kiangazi niliwataka kila mmoja atunge sentensi. Mmoja akasema dereva aliachia breki. Mwingine akasema mama yake humwachia ndama anyonye kidogo kabla ya kukamua. Kijana mmoja akasema polisi walimwachia mjomba wake, wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikampa vema kwa sababu sentensi ilikuwa sahihi na mjomba hakunihusu. Mwisho nikaandika ubaoni sentensi yangu: The engine releases a poisonous gas. Sikuitunga. Ilikuwa imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya maji ya kaka yangu, na wiki chache nyuma nilikuwa nimemsomea.

Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Madam, hiyo gesi kabla haijaachiwa ilikuwa imeshikwa na nani?"

"Na mashine," nikasema.

"Na ikishaachiwa, inashikwa na nani?"

Darasa likacheka. Nikamwambia akae, kengele imeshapigwa. Kengele ilikuwa bado. Sikuwa na jibu, na sipendi mtoto anikute sina jibu. Swali lile lilinifuata mpaka chumbani kwangu Utemini, Singida mjini, nikapika nalo, nikalala nalo, na sikujua kwa nini lilinikosesha raha.

Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Ikungi, unaacha barabara ya Dodoma unapanda bodaboda. Baba alishafariki. Tulikuwa watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume ambaye ana nguvu za fahali na aibu za mwali. Kaka alilima vitunguu bondeni, kwenye kisima alichochimba mwenyewe, na kile kisima ndicho kilichokuwa fahari yake. Wageni walikuwa hawajamaliza salamu anawapeleka kukichungulia.

Ila mwaka ule maji yalishuka. Si kwake tu, bonde zima. Mashine hizi ndogo za petroli zikikaa juu na maji yakiwa mbali, hazivuti; zinanguruma tu na kumaliza mafuta. Watu wakabuni njia yao. Wanachimba kibaraza kwenye ukuta wa kisima, chini karibu na maji, wanapanga magogo, wanaishusha mashine kwa kamba na kuiweka pale. Unashuka kwa vishimo vya kukanyagia, unaiwasha, unapanda, maji yanakuja. Jirani yetu alifanya hivyo, na jirani wa jirani. Bonde zima likawa linanguruma kutoka chini ya ardhi. Nilipolisikia mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua mbili, kaka akanicheka.

Siku aliponipa nimsomee kile kibandiko nilimwambia yote kama yalivyo: mashine inatoa hewa yenye sumu, isiwashwe ndani. Akaniangalia kwa ule uso wake wa kunitania.

"Sasa mwalimu, nani anawasha mashine sebuleni?"

"Kisimani je?"

"Kisima kina paa? Si unaona mbingu hiyo hapo juu?"

Na kweli, ukiinama ukatazama maji, mbingu ilikuwa mle ndani. Tena kaka hakuwa mzembe. Kwetu hakuna anayeingia kisima kilichokaa bila mtu kushuka, mpaka kwanza ashushe kuku. Unamweka kwenye kikapu, unamteremsha mpaka chini, unasubiri, unampandisha. Akipanda amelegea, hakuna mtu kushuka. Akipanda anapiga kelele na kukunyea mkono, kisima ni kizima. Watu wameishi kwa kuku huyo tangu kabla ya mimi kuzaliwa, na kaka alimfuata kuku kuliko alivyomfuata mtu yeyote aliyesoma. Kitu ambacho hakuna aliyekiwaza ni kwamba kuku alikuwa anapima kisima, na mashine ilikuwa inawashwa baada ya kuku kupanda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mama uani anapepeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wenzako wako bondeni, nenda ukawaone, mimi naleta chakula."

Nakumbuka alivyoitikia, bila kuinua macho, kama kitu kisicho na thamani. Ningejua ningeisikiliza vizuri ile marahaba.

Bondeni niliwakuta kaka, mdogo wangu na jirani. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye majaruba, vitunguu vimenyanyua vichwa, na kaka alikuwa na furaha ya kukera. Alinionyesha kuku aliyeshushwa asubuhi, tetea mwekundu, anachakura kando ya mpira wa maji. "Mkaguzi wetu huyo," akasema. "Hataki hata posho."

Upepo wa kwetu mnaujua, hauna adabu, unapeperusha hata mazungumzo. Siku ile haukuwepo. Moshi kidogo ulikuwa umetanda kwenye mdomo wa kisima, haupandi wala hauondoki. Niliuona. Nikafikiri ni wa mtu anayechoma majani.

Mashine ikakohoa, ikazima. Petroli imekwisha. Kaka akavua shati, akaingia kisimani kama mtu anayeingia chumbani kwake. Hakujifunga kamba. Kamba nene ilikuwa chini, imefungwa kwenye mashine na ncha yake kwenye gogo la juu. Ile nyembamba ilikuwa ya kushushia dumu la mafuta. Mdogo wangu akaishika, akaanza kuteremsha dumu. Tukamsikia kaka kule chini anaita, "Achia! Achia kidogo!" Mdogo wangu akalegeza. Halafu sauti ikaja tena, nzito, ya mtu aliyetoka usingizini: "Achia."

Mdogo wangu akaachia. Kamba ikabaki imelegea, hakuna anayeivuta upande wa pili. Kisha tukasikia dumu linaanguka majini.

Tuliita. Jirani aliita, mdogo wangu aliita kwa jina la utotoni, mimi niliita nikasahau hata nimeita nini. Kilichopanda kutoka chini kilikuwa sauti ya kukoroma. Nasema wazi kwa sababu watu wamesema mengi: nilisikia. Kaka yangu alikuwa bado anapumua, na nilisikia.

Mdogo wangu akatupa viatu. Alikuwa ameshaingia mpaka kiunoni, miguu kwenye vishimo, mikono inatafuta pa kushika, ndipo nikaona ule moshi ulivyomzunguka na lile swali la darasani likajijibu. Inashikwa na kisima. Nilijitupa chini kifudifudi nikamkamata mkanda kwa mkono mmoja na ukosi wa shati kwa mwingine, miguu yangu nikaifunga kwenye lile gogo.

"Niachie, dada."

"Siachii."

"Anakufa! Niachie!"

"Hewa mbaya! Utakufa na wewe!"

Ni mwanaume mwenye nguvu mara mbili yangu, lakini mikono yake ilikuwa inahitaji ukuta. Angeinua mmoja anipige, angeanguka. Basi akaniuma. Alinidaka kwa meno hapa, chini ya kidole gumba, akauma kwelikweli, na mimi nikapiga kelele lakini vidole vikabaki pale pale. Jirani alikuwa amesimama anazungukazunguka. "Mwachie, mwalimu, akamtoe ndugu yake," aliniambia. "Mwachie, mimi nitamfuata." Niliona wanavyojipanga, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja kwa upendo wake, na nilipata woga ambao sijawahi kuupata. Niliogopa kisima kile kama kitu chenye njaa.

Mama akatokea na sufuria kichwani. Aliona mara moja. Sijui alivyoitua ile sufuria, nilimwona tu amesimama juu yangu. Mama akikasirika au akiogopa hasemi Kiswahili. Alisema kwa Kinyaturu, na hakupaza sauti.

"Mwachie amtoe mwenzake."

Sijawahi kumkatalia mama. Hata kazi ya ualimu nilisomea kwa sababu yeye alisema. Nililala pale mdomoni mwa kisima, damu inanitoka mkononi, mama yangu ananiamuru, na kule chini ile sauti inazidi kuachana, inakuja, inakaa, inakuja.

"Siachii, mama."

"Mwachie."

"Siachii."

Aliinama akaanza kunibandua vidole, kimoja kimoja. Vidole vya mama vina nguvu ya jembe. Alikuwa ameshatoa viwili pale mkono mwingine uliposhuka ukamshika mdogo wangu kwapani. Ni jirani. Sijui kama alinielewa au alinionea huruma, sijawahi kumuuliza. Tulimvuta wote wawili, akatoka kisimani kama ndama anavyotolewa, akalala kifudifudi akiwa anatapika. Alikuwa mle kwa muda mfupi tu, kichwa kikiwa nje, na alitapika.

Baada ya hapo kukoroma hakukusikika tena. Tetea mwekundu alikuwa bado anachakura.

Watu walijaa bondeni. Kila aliyefika alitaka kushuka, na kila mara mimi na jirani tulisimama mdomoni tukazuia, nikapewa majina ambayo sitayaandika. Zimamoto walifika kutoka mjini jua likiwa limeinama. Mmoja wao alivaa mtungi wa hewa mgongoni, akashuka, akampandisha kaka yangu akiwa amefungwa kamba chini ya makwapa. Alipovua ile barakoa aliuliza nani alimzuia yule kijana mwingine. Watu wakaninyooshea vidole kama mwizi.

"Kwenye visima hivi tunatoa ndugu wa tumbo moja," alisema. "Wanafuatana."

Mama hakusikia. Alikuwa ameshapelekwa nyumbani, anashikiliwa na wanawake.

Kaka alipelekwa mochwari Singida mjini, na baada ya polisi kumaliza yao wakatuachia mwili. Nilisimama kwenye varanda ya hospitali nikisubiri, na kichwa changu, kwa mazoea yake ya kijinga, kikaanza kutunga sentensi. They released the body. Kichwa cha mwalimu hakina heshima. Nililia pale kwa hasira ya kichwa changu mwenyewe.

Usiku wa matanga mdogo wangu aliniambia jambo moja tu: "Nilimsikia, dada. Alikuwa bado anapumua."

"Hata mimi nilimsikia," nikamwambia.

Nadhani alitaka nikatae. Kama ningekataa, labda tungepatana mapema.

Mama alisubiri waombolezaji waondoke. Aliniita ndani, akaniketisha, na akasema neno ambalo bila shaka alikuwa amelibeba tangu bondeni. "Umemshika mmoja ukamwachia mwingine."

Ningemwambia nini? Kwamba kaka sikuwa nimemshika? Hilo nawaambia wanafunzi, na lina ukweli wake, lakini huwezi kumpa mama aliyefiwa somo la Kiingereza.

Tangu siku hiyo mama aliacha kuniitikia. Kwa asiyetoka kwetu hilo linaweza kuonekana dogo. Shikamoo kwetu haichezewi. Mtu mzima hata awe na ugomvi na wewe anaitikia kwanza ndipo anakutukana. Isipoitikiwa unabaki umesimama, hujui uketi au uondoke. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na sukari, na sabuni. "Shikamoo mama." Ungo unaendelea kupepeta. Nilikuwa nasimama mpaka aibu inanipanda miguuni, halafu najiketia mwenyewe, napika, nafagia, naondoka. Chakula changu alikula. Salamu yangu hakuigusa. Iliniuma kuliko yale meno, na sitajifanya jasiri hapa: kuna safari nilizorudi nikilia kwenye basi kutoka Ikungi mpaka stendi.

Mdogo wangu yeye alininyamazia kwa aibu zaidi kuliko chuki. Alirithi bonde. Mashine ilipandishwa siku ile ile ya zimamoto, ikakaushwa, ikafunikwa turubai kando ya nyumba. Mvua zilinyesha, maji yakapanda, wakamwagilia kwa ndoo. Kila nilipopita niliona lile turubai na kujisemea, aiuze basi. Hakuiuza.

Darasani kitenzi kile kikarudi, kwa sababu kitabu hakijui matanga ya mtu. Walikuwa watoto wengine, ila habari husafiri. Nilipoandika neno ubaoni mmoja mbele akasema kwa sauti ndogo, "Madam, tunaweza kuliruka." Nikamwambia haliruki mtu hapa. Nikachukua chaki, nikaiinua, nikatazama kovu langu chini ya kidole gumba. Vidole havikufunguka. Nilisimama vile, mkono juu, mpaka wengine wakaanza kutazamana, kisha nikaiweka mezani nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Kiangazi kikaja tena. Maji yakashuka kuliko mwaka ule. Asubuhi moja ya Jumamosi simu yangu ikaita, namba ya jirani. Nikaipokea nikijua habari za jirani haziwezi kuwa njema. Ilikuwa sauti ya mama. Hakusema hujambo.

"Njoo. Mdogo wako anaishusha mashine."

"Mama, mzuie."

"Hanisikii. Njoo umshike."

Simu ikakatika, nikapiga, haikupokelewa, nikapiga tena. Niliondoka Utemini na kandambili. Sikumbuki basi lilikuwa rangi gani. Kila liliposimama kupakia mtu nilitamani kumshusha dereva. Kutoka Ikungi nilimwambia wa bodaboda akimbie, naye akakimbia, vumbi likaniingia mpaka kooni, na njia nzima nilikuwa nasikiliza, kupita kelele ya pikipiki, kama nitasikia ngurumo kutoka chini ya ardhi. Majirani wengine walikuwa wanaendelea. Ngurumo zilikuwepo. Sikuweza kujua ipi ni ya kwetu.

Nilishuka nikateremka bondeni nikikimbia, kandambili moja ikabaki njiani.

Mashine ilikuwa bado juu. Kamba ilikuwa imeshafungwa, mdogo wangu ameishika ncha yake, jasho linamtoka, macho mekundu. Na mama alikuwa ameikalia. Alikuwa amekaa juu ya mashine, kanga ameifunga kiunoni, miguu ameitanua kila upande, mikono miwili imekumbatia tangi la mafuta. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi, na nywele zake nyeupe zilikuwa wazi. Sikuwahi kumwona mama kichwa wazi mbele ya watu. Tetea mwekundu alikuwa ametulia kwenye kikapu pembeni, mzima, anachungulia.

"Dada, mwambie mama atoke," mdogo wangu akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. "Vitunguu vyote vinakufa. Kuku ameshuka, amepanda mzima, si huyo hapo? Nimeshatazama. Mwambie aniachie."

Nilikuwa natweta, siwezi kuongea. Nilichoweza ni kile nilichofundishwa kabla ya kitu kingine chochote.

"Shikamoo mama."

Alinigeuzia uso. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka vyeupe kwenye lile tangi, na sijui alikuwa amekaa vile tangu saa ngapi.

"Marahaba," akasema. "Shika upande ule."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikashika.